Mbuzi Waliotumwa kwa Simu

"Tutalitoa," daktari alisema, na kabla hajaeleza ni nini kitakachotolewa, simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea.

Mulinge akabaki akiutazama mlango. Yeye alikuwa fundi wa pikipiki pale Mbumbuni, na katika kazi yake, mtu akiambiwa kitu kinatolewa, anaambiwa pia kitarudishwa lini. Akamgeukia mkewe Nduku. Akamtazama na binti yao Kasyo, mwenye miaka minne, aliyekuwa ameinama chini ya kitanda cha daktari akitafuta ndala yake moja. Ndani ya jicho la kushoto la mtoto mlikuwa na weupe, kama jicho la paka likimulikwa na tochi. La kulia lilikuwa zima. Yote mawili yalikuwa yanacheka.

"Atoe nini?" Mulinge akauliza.

"Jicho," Nduku akasema.

"Jicho lote?"

Mulinge akachukua kofia yake, akatoka polepole kama mtu anayekwenda kukojoa, na hakurudi. Walimkuta baadaye kwenye lango la hospitali, anabishana na muuza ndizi juu ya ndizi ambayo hakuwa na nia ya kuinunua.

Maneno ambayo daktari hakuyasema yalisemwa na nesi, Sista Abdiya. Alivuta kiti, akakaa magoti yake yakigusana na ya Nduku.

"Ni saratani, mama. Saa hii iko ndani ya jicho, kama mbegu ndani ya tunda. Jicho likitoka, nayo inatoka. Tukingoja, itapita kwa mshipa wa nyuma iingie kwenye ubongo. Hapo hutasikia mtu akikuambia tutalitoa. Watakuambia pole."

"Na haimuumi! Jana alikuwa anakimbiza kuku."

"Haimuumi, ndiyo. Ndiyo maana watu wanakataa. Ikianza kuuma ndipo wanakuja mbio, na sisi tumebaki na maji ya chumvi tu na huruma." Akamgusa mkono. "Sahihi yako inatosha. Si lazima ya baba. Njoo kabla mwezi huu haujaisha."

"Hapa inatosha, Sista," Nduku akasema. "Na nyumbani je? Nikishatia sahihi, nitarudi kulala wapi?"

Jibu la swali hilo halifundishwi chuo cha manesi.

*

Boma la Mbumbuni, upande wa Makueni, lilikuwa la Dikoni Syombua, mama yake Mulinge, mjane wa miaka mingi. Udikoni wake ulikuwa wa kanisani, lakini alitembea nao hadi kisimani, na mtu akimwita Syombua mtupu, masikio yake yalikuwa hayashiki. Kasyo alikuwa amerithi jina lake, kama desturi inavyotaka: Kasyombua, yaani Syombua mdogo.

"Huyu mtoto ni mimi," Dikoni akasema alipoelezwa. "Mnataka kuning'oa jicho nikiwa hai, nikiwatazama?"

"Mama, wanasema ni saratani," Mulinge akasema.

"Na mtoto wa Kivuva alikuwa na nini? Si hiyo hiyo? Si walimtoa jicho? Akarudi na bandeji, baada ya miezi akarudi kwa sanduku. Mimi ndiye niliyemwosha yule mtoto, Mulinge. Mimi, na mikono hii. Sitamwosha mwingine."

Hapo hakuwa anaigiza. Mikono ile akaificha ndani ya leso.

"Sista alisema hao huwa wamechelewa," Nduku akasema. "Walimpeleka mtoto wa Kivuva jicho likiwa limeshatokeza nje."

"Sista alimwambia nani? Mulinge, alikuambia wewe?"

Mulinge akakuna shingo. "Mimi nilikuwa nimetoka nje kidogo."

"Basi hujui. Na tuseme amepona. Msichana wa jicho moja ataolewa na nani hapa Mbumbuni?"

"Na aliyekufa anaolewa na nani?" Nduku akauliza.

Kasyo akaacha kulamba mwiko.

"Mulinge," Dikoni akasema kwa upole mkubwa, "mke wako ananijibu. Katika boma langu."

"Nduku, hebu angalia githeri isiungue," Mulinge akasema. Mahindi na maharage ya githeri yalikuwa bado hayajatiwa maji.

Tangu siku ile, kila jioni Dikoni alimlaza Kasyo mapajani na kumtia jichoni tone la mafuta yaliyoombewa. Mafuta yaliwasha. Mtoto akalia, na Dikoni akasema ni shetani ndiye anayelia. Wiki ikapita, weupe ukaongezeka, pembe ya jicho ikaanza kuwa nyekundu. Kwenye duka la spea watu wakamuuliza Mulinge kama ni kweli atakuwa baba wa chongo, wakacheka, naye akacheka nao, akarudi nyumbani akalala bila kula.

Nduku akaenda hadi mwisho wa shamba ambako mtandao ulishika, akampigia mama yake.

*

Kalekye, mama yake Nduku, alikuwa kwake Tulia, upande wa Kitui, akipepeta ndengu za kupeleka sokoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye meno machache na uso wa mtu anayejizuia kucheka hata matangani.

"Mwaitu," Nduku akamwita, kama Wakamba tunavyowaita mama zetu, "wamekataa."

"Nani amekataa? Taja mmoja mmoja, nisikie majina."

"Dikoni. Mulinge amenyamaza. Baba mdogo Musyimi amesema mtoto ni wa ukoo, ukoo ukikataa imekwisha."

"Ukoo gani?"

"Wao, mwaitu. Si ndio wenye mtoto?"

Kalekye akaweka ungo chini.

"Nakuja Jumamosi, mimi na mjomba wako Mbuvi. Mwambie Dikoni aite kikao. Na mwambie amwite pasta. Mimi bila pasta sina raha."

Hapo inafaa mtu ajue jambo moja. Kasyo alipozaliwa, Kalekye alikuja Mbumbuni na kuku mkubwa na kibuyu cha uji, kama mama mzaa mama anavyotakiwa. Dikoni alimweka kwenye kigoda karibu na choo, akamletea chai ya rangi katika kikombe kilichovunjika mkono, akawageukia wageni wake wa kanisa na kusema, "Hawa ni wa Kitui, maziwa hawajayazoea." Wageni wakacheka. Kalekye akanywa yote, akasema asante, akaomba ya pili. Watu wakadhani ni mjinga mwenye kiu. Alikuwa anaweka akiba.

*

Jumamosi kikao kikakaa uani. Akina mama wa kanisa walikuwa pembeni wakimenya viazi, kila mmoja akijitahidi kumenya bila sauti ili asipitwe na neno. Pasta Muthama akaomba, akaombea hata barabara. Kisha Musyimi, ndugu wa marehemu baba yake Mulinge, akasimama na fimbo yake.

"Mtoto ni wa ukoo," akasema. "Kukata kiungo cha mtoto wa ukoo si jambo la mama yake. Wala si jambo la huko kwao."

"Umesema kweli tupu," Kalekye akasema.

Watu wakamtazama. Nduku akamtazama kuliko wote.

"Mtoto ana wenyewe. Wenyewe wakikataa, wamekataa, na sisi wengine ni kunyamaza. Pasta amesikia?"

"Nimesikia, mama," Pasta akasema kwa furaha, maana alikuwa ameogopa vita.

"Dikoni amekubali?"

"Si ndivyo ninavyosema tangu mwanzo?" Dikoni akajibu.

"Na kwa desturi yetu, Musyimi, mwenye mtoto ni nani hasa? Mimi shule yangu ilikuwa ya chini ya mti. Nifundishe."

Musyimi akapanua kifua. "Ni aliyetoa ntheo. Hata mlevi wa sokoni anajua."

Na kweli anajua. Ntheo ni mbuzi watatu. Wanapelekwa kwa kina msichana kwa kwato zao wenyewe, mmoja anachinjwa pale pale, na pande mbili zinakula pamoja. Hapo ndipo mke anakuwa mke. Kabla ya hapo, hata akizaa timu ya mpira, watoto ni wa kwao msichana.

"Asante," Kalekye akasema. "Sasa nisaidieni, uzee unanisahaulisha. Mbuzi wa ntheo ya Nduku walikuwa rangi gani?"

Visu vya viazi vikasimama.

"Nani aliwaleta kwangu? Wewe, Musyimi? Nani alishika miguu wakati wa kuchinja? Mbuvi, ndugu yangu, wewe ulikula paja au mbavu?"

Mbuvi, mzee mkavu aliyekuwa amesinzia, akainua kichwa. "Mimi nilikula njaa."

Musyimi akamgeukia shemeji yake. "Dikoni? Si uliniambia mbuzi walifika?"

"Nilituma!" Dikoni akasema, amesimama sasa. "Nilituma kwa simu! Pesa ya mbuzi watatu wazima, na ya kutolea nikaongeza! Huyu mama alipokea, akanijibu asante!"

"Nilipokea," Kalekye akakubali. "Sikukatai. Nikanunua tangi la maji, zuri sana, la bluu. Nikalisikiliza lile tangi, Dikoni. Asubuhi nikalisikiliza, jioni nikalisikiliza. Halikulia mee hata mara moja."

Mama mmoja kati ya wale wa viazi akacheka kupitia puani, akajifanya anakohoa. Pasta Muthama hakucheka. Alikuwa amevua miwani.

"Dikoni, uliniambia mambo ya kimila yalikwisha. Nimeshatangaza harusi yao ya kanisa madhabahuni. Mara mbili."

"Pasta, si ni kitu kimoja? Siku hizi hata sadaka si mnapokea kwa simu?"

"Simu haina damu, Syombua," Musyimi akasema. Hakusema Dikoni. Alikuwa ameaibika, na mzee aliyeaibishwa na wa nyumbani kwake huwa mkali kuliko mgeni. "Umenisimamisha hapa kama mjinga nitetee mtoto ambaye si wetu."

Kalekye akasimama, akakung'uta nguo yake taratibu, hataki kuiharakisha saa ile.

"Basi mtoto ni wa boma langu. Boma langu limekubali atolewe jicho. Mbuvi, umekubali?"

"Tangu juzi," Mbuvi akasema.

"Pasta, tuombee safari. Ufupishe."

Mulinge akainuka nusu. "Nduku?" akaita, na hilo ndilo neno lake pekee siku ile. Nduku alikuwa tayari amemfunga Kasyo mgongoni. Alipita mbele ya wale akina mama na visu vyao, wanawake aliosali nao na kulima nao, na wote walikuwa wanamtazama kwa macho mapya, wakihesabu ni miaka mingapi ameishi pale akiwa si mke wa mtu.

*

Stendi ilikuwa tupu. Mbuvi akaenda kutafuta tumbaku. Kalekye alikuwa bado anatetemeka mabega kwa kicheko.

"Uliona uso wake? Uliuona, Nduku? Kama mtu aliyemeza ufunguo."

"Ulijua," Nduku akasema.

"Nini?"

"Ulijua tangu siku ile simu ilipoingia. Ukaniacha nikaitwa mke. Nikalima, nikapika, nikazaa. Ukanyamaza."

"Nilikuwa naweka akiba."

"Uliweka nini, mwaitu? Mimi? Ungeniambia kando, ningetoka na mtoto wangu polepole, bila mtu kujua. Umenivua nguo mbele ya kanisa zima ili umvue mwenzako leso."

Kalekye akaacha kucheka. Akatazama barabara, kulia na kushoto, hakuna gari la kumwokoa.

"Kama ungetoroka, wangekufuata mpaka kitandani kwa mtoto. Sasa hawana uso wa kukufuata."

"Hiyo ni kweli. Lakini siyo hiyo iliyofanya umtake pasta."

"La," Kalekye akasema. "Pasta nilimtaka kwa roho yangu."

*

Walikuwa na uso wa kufuata, ikaonekana. Siku ya upasuaji, hospitali iliruhusu mtu mmoja tu, kwa hiyo Kalekye akabaki Tulia. Saa tatu asubuhi pikapu ikasimama mbele ya lango lake. Nyuma kulikuwa na Mulinge na mbuzi watatu, mbele alikaa Dikoni Syombua na leso yake ya kanisa. Mbuzi walikuwa wamenunuliwa mnada wa Mukuyuni, kwa Ahmednur, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa, ambaye aliwapandisha bei alipomwona mteja hapumui vizuri. Mpango wa Dikoni ulikuwa rahisi: mbuzi wapokewe asubuhi, mtoto awe wa ukoo, wao wafike hospitali kabla kisu hakijaguswa.

Kalekye akawaona kupitia ua. Akafunga lango kwa mnyororo, akavuta kigoda, akakaa nyuma yake.

"Hodi!" Dikoni akaita.

"Hakuna mtu."

"Mama Nduku, si nakusikia?"

"Unasikia mtu ambaye hayuko. Kweli maombi yako yana nguvu."

"Tumeleta ntheo! Mbuzi wenye kwato! Pokea!"

"Ningepokea, lakini ndugu zangu hawapo. Ntheo haipokewi na mjane peke yake. Muulize Musyimi." Na hilo lilikuwa kweli, Mbuvi alikuwa ameambiwa alfajiri aende kwa rafiki yake wa mbali akacheze bao hadi jioni.

Ilikuwa siku ya soko. Wanawake wa Tulia wakiwa na magunia yao vichwani wakasimama. Mmoja akafungua mdomo wa mbuzi akatangaza kwamba huyu ni bibi kizee. Mwingine akauliza kama huyu mama mwenye leso ndiye yule aliyetuma mbuzi kwa simu, maana habari ilikuwa imeshavuka mto. Jua likapanda. Dikoni akiwa ameshika kamba, jasho likimtiririka, akasema kwa sauti ndogo, "Hata maji, mama Nduku? Mimi ni mtu mzima."

"Maji hapana, chai ipo," Kalekye akasema, akapitisha kikombe juu ya ua. "Ya rangi. Tumesikia watu wa Makueni maziwa hamjayazoea."

Dikoni akakitazama kile kikombe. Akakinywa chote.

Alasiri simu ya Kalekye ikalia.

"Limetoka," sauti ya Nduku ikasema. "Limetoka lote. Ameamka."

"Limetoka!" Kalekye akapaza sauti, akitaka wote walio nje ya ua wasikie.

Kutoka nje sauti ya Dikoni ikauliza, tofauti kabisa na ya asubuhi, "Yu hai?"

"Yu hai. Ameomba chapati."

Kupitia mwanya wa ua akamwona Dikoni Syombua anakaa chini vumbini, mikono ile ile juu ya kichwa, analia kwa sauti kama mtu aliyetoka kaburini kabla hajafukiwa. Kalekye akamtazama, akasubiri utamu uje. Ulikuja, akaulamba. Ulikuwa na mchanga kidogo ndani yake. Lango hakulifungua.

"Rudini mtoto akirudi," akasema, akaingia ndani.

*

Walirudi. Safari hii Musyimi alikuja pia, na Mbuvi alikuwepo, na lango lilikuwa wazi. Daktari alikuwa amesema saratani haikuvuka mshipa, jicho la pili litakuwa linaangaliwa mara kwa mara, na mtoto atawekewa la bandia kidonda kikikauka. Kalekye alikuwa amepanga masharti yake: asali, blanketi, na Dikoni aombe msamaha akiwa amesimama sokoni, siku ya soko. Alikuwa ameyarudia usiku kucha, akichagua maneno.

Kabla hajafungua kinywa, Nduku akatoka ndani na beseni la maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba, na kichupa cha dawa. Kasyo alikuwa nyuma yake amebandikwa kitambaa cheupe usoni.

"Mulinge, kaa."

Mulinge akakaa kwenye kigoda.

"Mfungue umwoshe."

"Mimi?"

"Daktari aliposema litatolewa, ulitoka nje. Hapa tuko nje tayari. Utatoka uende wapi?"

Mulinge, aliyezoea kufungua injini akiwa amefumba macho, akanyoosha mikono kwenye kile kitambaa, vidole vikagongana.

"Baba, nawa kwanza," Kasyo akasema.

Akanawa. Akabandua. Alikuwa ameota shimo jeusi kwa wiki nyingi. Akaona nyama tu, nyekundu kidogo, safi, kama ndani ya mdomo wa mtoto. Akachovya pamba.

"Si hivyo. Vuta chini ndiyo ufute. Na usilie, unanidondoshea."

Musyimi akatazama fimbo yake. Dikoni alikuwa ameligeuzia uso tangi la bluu.

"Na mbuzi?" Kalekye akauliza, anaona siku yake inamponyoka. "Nduku, kuna masharti. Ntheo ni jambo la wazazi."

"Lilikuwa jambo la wazazi. Mmoja akalituma, mmoja akaliweka, na mimi nikawa katikati nachapwa." Nduku hakupandisha sauti. "Mbuzi wafungwe nje. Watachinjwa siku nitakayosema mimi, ama hawatachinjwa. Mtoto anaoshwa asubuhi na jioni. Leo jioni ni wewe, Dikoni. Kesho asubuhi ni wewe, mwaitu."

"Mimi?" Kalekye akasema.

Na watu wakakumbuka, au pengine ni Nduku peke yake aliyekuwa ameona, kwamba tangu mtoto arudi Tulia, kila kitambaa kilipofunguliwa, Kalekye alikuwa na ndengu za kuangalia nyuma ya nyumba. Akatafuta utani wa kusema. Alikuwa nao siku zote, mkononi, kama chenji. Hakuupata.

"Njooni karibu muone inavyofanywa," Nduku akasema. "Wote wawili."

Kasyo akageuza uso wake wazi, akawaelekea wale bibi zake, ambao wote wawili kwake ni Susu.

"Susu, umeogopa?"

"La," wakajibu wote wawili kwa pamoja, na hakuna aliyesogea.